Fundi Mgeni katika Kasri: Uhakiki wa Majina ya Asili katika Sanaa ya Escorial, Zanzibar na Bagamoyo

IKISIRI

Makala haya yanahakiki dhana ya "fundi mgeni" katika sanaa iliyotengenezwa chini ya ufadhili wa kasri. Yanalinganisha mazingira mawili. La kwanza ni kasri la Uhispania katika karne ya 16, lililowaita wachoraji kutoka Italia. La pili ni kasri la masultani wa Busaidi Zanzibar katika karne ya 19, ambalo ladha yake ilivuka bahari na kuonekana katika milango ya nakshi ya Bagamoyo. Inajengwa hoja kwamba ugeni wa fundi hauelezi kazi yake kwa kiasi kinachodhaniwa. Kazi huelezwa zaidi na agizo, mkono uliotenda na mahali palipoipokea. Aidha, makala yanaonesha kwamba katika mwambao, pale jina la mtu lilipokosa kuandikwa, jina la taifa limewekwa mahali pake, na uainishaji huo una athari kwa namna urithi wa Bagamoyo unavyoorodheshwa na kulindwa.

1.0 Utangulizi

Katika mji mkongwe wa Bagamoyo, hususani katika Mtaa wa India ulio karibu na ufukwe, zimesalia nyumba za mawe zenye baraza na milango ya mbao iliyochongwa nakshi. Milango hiyo hutajwa kwa majina matatu yanayojirudia katika vitabu, katika mabango ya makumbusho na katika vinywa vya waongoza watalii: mlango wa Kiarabu, mlango wa Kihindi na mlango wa Kiswahili. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka huitwa wa Kiarabu. Wenye tao juu yake, au wenye visanduku vya mraba na misumari ya shaba, huitwa wa Kihindi. Usioingia vizuri katika makundi hayo mawili huachiwa jina la tatu.

Majina hayo yanaonekana kuwa ya maelezo tu, lakini ndani yake mna madai matatu ambayo ni nadra kutenganishwa. Dai la kwanza linahusu mtindo, la pili linahusu asili ya aliyechonga, na la tatu linahusu asili ya aliyelipa. Mlango mmoja unaweza kuwa na mtindo uliotoka Gujarat, ukachongwa na fundi aliyezaliwa Unguja, kwa fedha za mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye makazi Bagamoyo. Neno moja la asili haliwezi kuyabeba yote hayo bila kupotosha angalau mawili.

Suala hili haliishii katika istilahi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaihesabu milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Kwa hiyo sheria yenyewe inamtaka anayeitekeleza aamue mtindo ni wa wapi. Uhakiki wa majina haya kwa hiyo ni uhakiki wa chombo kinachotumika kuamua kipi ni urithi na ni urithi wa nani.

2.0 Mkabala wa uhakiki

Uhakiki huu unaegemea mkabala wa ufadhili. Baxandall (1972), akiichunguza Italia ya karne ya 15, anaonesha kwamba mchoro ulikuwa zao la mapatano kati ya aliyechora na aliyelipa, na kwamba mapatano hayo yaligusa hata rangi zilizotumika. Mkabala huo unafaa kwa mwambao wa Afrika Mashariki kwa sababu mlango wa nakshi nao ulikuwa kitu cha kuagizwa. Hakuna fundi aliyechonga mlango mkubwa wa msaji kisha akakaa kumngoja mnunuzi apite.

Hata hivyo, mkabala wa ufadhili peke yake una udhaifu: unampa aliyelipa nafasi kubwa mno. Ili kuusawazisha, zinatumika hoja mbili kutoka katika tafiti za mwambao. Meier (2016) anaeleza kwamba majengo ya mawe ya miji ya Waswahili yalipata maana kutokana na uhusiano wake na kwingineko. Wenyeji hawakuvipokea vitu vya mbali bila hiari, bali walivitumia kujieleza. Glassman (1995), kwa upande wake, anaonesha kwamba katika miji ya Mrima katika nusu ya pili ya karne ya 19, ukarimu na maonesho ya hadhi vilikuwa uwanja wa ushindani, na watu wa tabaka la chini waliitumia lugha hiyohiyo ya ufadhili kudai nafasi yao mjini. Hoja hizi zinamrudisha katika picha mpokeaji, na pia zinamrudisha mtendaji.

Uhispania imechaguliwa kuwa upande wa pili wa ulinganisho kwa sababu maalumu. Kasri la Felipe II ni miongoni mwa mifano iliyoandikwa kwa kina kuhusu watawala walioita mafundi wa nchi nyingine. Mikataba, barua na malipo yamehifadhiwa. Kwa hiyo linaruhusu kupima jambo ambalo katika mwambao hudhaniwa tu: je, ugeni wa fundi unaeleza kiasi gani cha kazi yake?

3.0 Wachoraji wa Italia katika kasri la Felipe II

Felipe II alitawala kuanzia mwaka 1556 hadi 1598. Ujenzi wa Escorial, jengo lililounganisha nyumba ya watawa, kasri, maktaba na makaburi ya kifalme, ulianza mwaka 1563 na kumalizika mwaka 1584. Kuta na dari zake zilihitaji michoro mikubwa iliyopakwa juu ya plasta mbichi, na mafundi wa kazi hiyo walitafutwa Italia. Mfalme hakuwaita Waitalia kwa sababu ya Uitalia wao. Aliwaita kwa sababu ya ujuzi mahususi ambao jengo lake liliudai.

Matokeo ya wito huo hayakufanana. Luca Cambiaso wa Genoa alifika mwaka 1583, akachora dari ya sehemu ya waimbaji katika kanisa la Escorial, na akafariki hukohuko mwaka 1585. Federico Zuccari, aliyekuwa na sifa kubwa Roma, alichukua nafasi yake. Kazi zake hazikumridhisha mfalme. Nyingine ziliondolewa au kurekebishwa, na mwaka 1588 mchoraji huyo akaondoka. Pellegrino Tibaldi aliyemfuata alipewa ua wa watawa na dari ya maktaba, na kazi yake ikakubaliwa. Watu hawa watatu wote walikuwa Waitalia, wote walikuwa mabingwa, na wote walifanya kazi katika jengo moja kwa mfadhili mmoja. Asili yao haiwezi kueleza kwa nini mmoja alikubaliwa na mwingine akakataliwa. Kinachoeleza ni agizo: mfalme alitaka michoro ya ibada iliyo wazi kwa mtazamaji.

Mfano wa Domenikos Theotokopoulos unaimarisha hoja hii. Alizaliwa Krete, akakomaa kisanaa Venice na Roma, kisha akafika Uhispania mwaka 1577. Mchoro wake wa kifo cha kishahidi cha Mtakatifu Maurice, aliouchora kati ya 1580 na 1582, haukuwekwa kwenye madhabahu ulikokusudiwa, na Mwitalia Romulo Cincinnato akapewa kazi ya kuchora mwingine. Theotokopoulos alihamishia maisha yake Toledo, na huko ndiko alikofikia kilele cha sanaa yake. Historia imemwita El Greco, yaani Mgiriki, ingawa aliishi Uhispania karibu miaka 40. Jina la asili lilimganda. Hata hivyo, yeye mwenyewe alizoea kutia saini kwa jina lake kamili, kwa herufi za Kigiriki, na kwa hiyo lakabu hiyo haikuweza kulifuta jina la mtu.

Mfano wa tatu ni wa Sofonisba Anguissola wa Cremona. Aliingia kasri la Uhispania mwaka 1559 akiwa bibi wa heshima wa Malkia Isabel de Valois, binti wa mfalme wa Ufaransa, naye akamfundisha malkia kuchora. Hakuajiriwa kwa cheo cha mchoraji wa kasri, na kazi zake za huko hazikuwa na saini. Kwa muda mrefu picha ya Felipe II iliyoko katika jumba la Prado ilihesabiwa kuwa ya Mhispania, kabla ya wachunguzi kuirejesha kwa Anguissola. Inaonekana wazi kwamba hapa cheo kilipokosekana, jina nalo lilipotea, na kazi ikahamishiwa kwa mtu mwingine aliyefaa zaidi matarajio ya walioorodhesha. Kosa hilo lilisahihishwa kwa sababu kulikuwa na majina ya kulinganisha.

Jambo la mwisho linahusu mpaka wa ugeni wenyewe. Bartolomeo Carducci alifika Uhispania pamoja na Zuccari, na Zuccari alipoondoka yeye alibaki. Mdogo wake Vicente, aliyefika akiwa mtoto, alikua huko, akaitwa Carducho kwa matamshi ya Kihispania, na mwaka 1633 akachapisha kwa Kihispania kitabu cha majadiliano kuhusu uchoraji. Katika familia moja, ndani ya kizazi kimoja, mgeni alikwisha kuwa mwenyeji. Ugeni ulikuwa hatua ya maisha iliyopita.

4.0 Kasri la Busaidi na mafundi wake

Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830. Kama Sheriff (1987) anavyofafanua, utajiri uliolibeba kasri hilo ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na utumwa, na ulitegemea mitaji ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kasri la aina hiyo lilikuwa la watu mchanganyiko tangu mwanzo. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 maisha ya nyumba iliyokusanya watu wa lugha, mavazi na rangi nyingi.

Hamamu ya Kidichi ni mfano mzuri wa kuanzia. Ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mke wa Sayyid Said aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Ndani yake mna plasta ya chokaa iliyonakshiwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, jambo lisilo la kawaida katika majengo ya Waomani wa Kiibadhi, ambao hupendelea usahili. Nakshi hiyo huhusishwa na mafundi wa Kiajemi. Ukitazamwa kwa makini, uhusishaji huo unajengwa juu ya mambo mawili: mtindo wa plasta na asili ya bibi aliyejengewa. Mantiki yake inafanana na ile iliyompa Mhispania picha ya Anguissola: asili ya mkono inakisiwa kutokana na matarajio ya mtazamaji. Isabel de Valois alitoka Ufaransa lakini mchoraji aliyekuwa karibu naye alitoka Cremona. Asili ya malkia haitoshi kuwa ushahidi wa asili ya fundi.

Chini ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ujenzi wa kasri ulichukua sura mpya. Kabla ya kutawala, Barghash alikuwa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883, ilijumuisha nguzo za chuma, veranda pana na milango mikubwa ya nakshi. Hamamu ya Hamamni, iliyojengwa kwa amri yake, inatajwa kuwa kazi ya Haji Gulam Hussein. Katika kipindi hichohicho, tao juu ya mlango na wingi wa maua ya kujiviringa ulienea Zanzibar. Wafanyabiashara waliufuata mkondo huo. Tharia Topan, msimamizi wa ushuru wa forodha wa Sultani, alianzisha ujenzi wa jengo la zahanati lililoko mkabala na bandari, ambalo liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kukamilika mwaka 1894. Mapambo yake ya mbao yanaonesha wazi ujuzi wa maseremala wa Gujarat.

Ukiyapanga majina yaliyobaki katika historia hii, muundo wake unajitokeza. Aliyetawala anajulikana, aliyelipa anajulikana, na mara chache msimamizi wa ujenzi anajulikana. Walioshika patasi wanatajwa kwa wingi na kwa asili tu: Wahindi, Waajemi, Waarabu, Waswahili, watumwa. Kundi hili la mwisho linastahili kuzingatiwa. Katika miji ya mwambao watumwa wenye ufundi waliweza kukodishwa kwa ujira, na sehemu ya ujira huo ikaenda kwa bwana. Neno "kibarua" lenyewe linabeba kumbukumbu ya utaratibu wa kazi ya kukodishwa kwa hati ndogo. Pale mlango unapoitwa wa Kiarabu kwa sababu Mwarabu aliulipia, uwezekano kwamba mkono ulioutengeneza ulikuwa wa mtumwa kutoka bara unafutwa na jina hilo. Uhispania nayo ilikuwa na watumwa katika karakana za sanaa. Juan de Pareja, aliyekuwa mtumwa wa mchoraji wa kasri Diego Velázquez katika karne ya 17, aliandikiwa hati ya uhuru Roma mwaka 1650, na mchoro wake wa mwaka 1661 upo Prado kwa jina lake. Tofauti kati yake na wachongaji wa Zanzibar haikuwa ya kipaji. Ilikuwa ya hati.

5.0 Milango ya Bagamoyo

5.1 Kilichokuwapo kabla ya kasri

Uainishaji wa Kiarabu na Kihindi unaweza kumfanya msomaji adhani kwamba nakshi ya mbao ilifika mwambao pamoja na Busaidi. Ushahidi unaonesha vingine. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa, akiieleza Kilwa, aliisifu milango yake ya mbao kwa uchongaji na uungaji mzuri. Hiyo ni zaidi ya miaka 300 kabla ya Sayyid Said kuhamia Unguja. Lamu na Siyu nazo zina jadi yao ya uchongaji. Ufundi ulikuwapo, na kasri likaupa agizo jipya.

Tabia ya kupokea vitu vya mbali na kuvipa kazi ya mahali ni kongwe zaidi katika eneo hilihili. Kaole, kusini kidogo mwa Bagamoyo, na Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zina makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, zikiwemo za China. Hakuna anayeyaita makaburi ya Kichina. Bakuli limevuka bahari likiwa chombo cha mezani, na juu ya kaburi limekuwa alama ya heshima ya marehemu. Wataalamu wanakubali bila shida kwamba kaburi hilo ni la mwambao. Ni vigumu kueleza kwa nini kipimo hicho kibadilike pale kitu kilichopokewa kinapokuwa ua la yungiyungi kwenye mwimo wa mlango.

5.2 Agizo, mkono na mahali

Bagamoyo ya nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na ilikuwa chini ya mamlaka ya Sultani kupitia liwali wake. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mali kwa misafara. Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ni maarufu miongoni mwao kwa kuihudumia misafara na kwa majengo ya umma aliyoyatoa. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Fabian (2019) anahoji kwamba wakazi wa Bagamoyo, pamoja na tofauti zao za asili, walijenga utambulisho wa mji uliowaunganisha. Hoja hiyo ina uzito kwa usomaji wa milango, kwa kuwa mlango unatazama mtaani: nakshi iliyo upande wa nje inaonwa zaidi na jirani na mpita njia kuliko mwenye nyumba.

Agizo, basi, ni swali la kwanza. Mwenye nyumba Bagamoyo aliagiza mlango katika mji ambao hadhi ilishindaniwa hadharani, na kipimo cha ushindani huo kilikuwa Unguja. Tao lililoonekana katika majumba ya Barghash lilikuwa na maana Bagamoyo kwa sababu lilitoka upande wa kasri, na mtazamaji wa Mtaa wa India hakuhitaji kujua habari za Gujarat ili aielewe. Mtindo ulioanzia India ulifika Mrima ukiwa umekwisha kuwa lugha ya Zanzibar. Kuuita wa Kihindi tu ni kuirudisha nyuma safari yake na kuacha kituo kilichoupa maana.

Mkono ni swali la pili, na hujibiwa kwa kusoma mbao. Mlango mkubwa wa mwambao una sehemu zinazojulikana: miimo miwili, kizingiti cha chini, kizingiti cha juu, pande mbili zinazofunguka, na mfaa, yaani ubao wa katikati unaoziba mwanya wa pande hizo. Kina cha patasi, namna kona za fremu zilivyoungwa, na namna mchoro unavyokatwa au kuendelezwa pale mwimo unapokutana na kizingiti, ni tabia za mkono wa fundi na karakana yake. Mbao nazo zinazungumza: msaji uliletwa kwa majahazi kutoka India, ilhali mninga, mvule na mfenesi vilipatikana karibu. Kwa kulinganisha tabia hizi mlango kwa mlango, inawezekana kutambua kazi za mkono mmoja hata kama jina lake halikuandikwa. Hiyo ndiyo njia iliyotumika kwa picha za Ulaya zisizo na saini, na hakuna sababu ya kitaaluma inayoizuia Bagamoyo.

Mahali ni swali la tatu. Misumari ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka husimuliwa kuwa ilibuniwa India ili kuzuia tembo wa vita wasivunje malango. Katika mwambao hapakuwa na tembo wa vita. Misumari hiyo ilibaki, ikang'arishwa, na kazi yake ikawa kuonesha uwezo wa mwenye nyumba. Richard Burton, aliyekaa Zanzibar mwaka 1857 kabla ya safari yake ya bara, alitambua kwamba ukubwa wa lango na uzito wa vyuma vyake vilipimwa sambamba na heshima ya mwenyewe.

5.3 Usomaji wa alama

Usomaji unaotawala leo ni wa alama. Samaki huelezwa kuwa uzazi, mtende kuwa neema, yungiyungi kuwa uzima, na mnyororo kuwa ulinzi wa nyumba. Bagamoyo, hata hivyo, mnyororo huongezewa maelezo mengine: kwamba ulichongwa na mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watumwa.

Maelezo hayo mawili ya mnyororo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja kwa kila mlango. Nakshi ya pete zilizofungamana ni pambo la ukingo linalozunguka fremu nyingi, zikiwemo za nyumba za watu wa kazi mbalimbali. Kuichukulia kuwa tangazo la biashara ya mwenyewe kunamfanya mchongaji kuwa mwandishi wa bango la dukani. Lakini kuikanusha moja kwa moja nako hakufai, kwa sababu mji huu ulihusika kweli na biashara ya watumwa, na mtazamaji wa leo ana haki ya kuikumbuka akiwa mbele ya mlango huo. Usomaji ulio salama ni kuitenga maana ya kuchongwa na maana ya kupokewa. Mnyororo ulichongwa ukiwa ukingo. Umekuja kusomwa kama ushuhuda. Kumbukumbu hiyo ya pili ni halali, mradi isiandikwe katika orodha za urithi kana kwamba ni nia ya fundi.

6.0 Mjadala: jina la taifa mahali pa jina la mtu

Inaweza kuhojiwa kwamba majina ya asili yana manufaa. Tafiti za Nooter (1984) na Aldrick (1990) zimesaidia kuipanga milango ya mwambao, na bila mpangilio wa aina fulani mlinganisho hauwezekani. Hoja hiyo ina nguvu. Mtindo wenye chimbuko India uitwe wenye chimbuko India. Tatizo linaanza pale jina la mtindo linapoteleza na kuwa jina la mtu, kisha jina la mmiliki wa urithi. Huko Escorial neno "Mwitalia" linafuatwa na Cambiaso, Zuccari au Tibaldi, na msomaji anaona mara moja kwamba neno la kwanza halikueleza mengi. Huko Bagamoyo neno "Kihindi" halifuatwi na kitu, na kwa sababu hiyo linaonekana kueleza yote.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Baada ya uhuru, kumekuwa na mvuto wa kuitangaza nakshi yote kuwa ya Kiswahili tupu, kama jibu kwa waandishi wa kikoloni walioona kila kitu kizuri katika mwambao kuwa kimeletwa. Nia ya jibu hilo inaeleweka, lakini linatumia kipimo kilekile cha asili na kubadilisha tu mshindi. Fundi wa Kutch aliyeingia kwa jahazi, akaoa, akafundisha wanagenzi na kuzikwa Unguja, hana nafasi katika jibu hilo, kama Vicente Carducho asivyokuwa na nafasi katika historia inayomtaka awe Mwitalia au Mhispania na si vyote viwili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Historia ya makasri inaonesha kwamba wengi walitunzwa walikokwenda, na "kwao" ikaja kuwa palepale.

Athari za mjadala huu zinaonekana katika uhifadhi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Bagamoyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ikiwa sehemu ya Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Msingi huo ni wa kweli na ni mzito. Hata hivyo, chini ya kichwa hicho mlango unapewa kazi moja: kutoa ushahidi wa biashara. Sanaa yake, na watu waliokuwa na ujuzi wa kuitenda, wakiwemo huenda watumwa wenyewe, wanabaki nje ya maelezo. Hapa pana kinzano inayostahili kutajwa wazi: historia iliyokusudiwa kuwakumbuka waliotumikishwa inaweza kuwasahau tena pale inapomtazama mtumwa kuwa mzigo wa msafara tu, bila kumwona kuwa anaweza kuwa fundi aliyesimama mbele ya mwimo na patasi mkononi.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho wa Escorial na mwambao umeonesha mambo mawili. Kwanza, asili ya fundi haielezi kazi yake kadiri agizo, mkono na mahali vinavyoieleza. Mfalme mmoja aliwakubali na kuwakataa watu wa nchi moja, na nakshi moja ilipata maana tofauti Gujarat, Unguja na Bagamoyo. Pili, tofauti kubwa kati ya makasri haya mawili ipo katika uandikaji: upande mmoja uliandika majina ya watendaji na hivyo makosa yake yanasahihishika, upande mwingine uliandika majina ya walipaji, na pengo likajazwa kwa majina ya mataifa.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba orodha za milango ya Bagamoyo ziachane na safu moja ya "asili" na badala yake ziwe na safu tofauti za chimbuko la mtindo, aina ya mbao, tarehe ya Hijria na jina la mwenye nyumba pale yalipochongwa kwenye kizingiti, tabia za mkono, na historia ya matengenezo. Safu hii ya mwisho ndiyo yenye haraka zaidi. Milango mingi imekarabatiwa, mingine imechongwa upya kwa kufuata ile ya zamani, na uchongaji bado ni sehemu ya mafunzo ya sanaa mjini humo katika TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wachongaji wa leo wanajulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Wasipoandikwa sasa, wataalamu wa karne ijayo watalazimika kuwaita kwa kabila.

Uwanja ulio wazi kwa utafiti zaidi ni ulinganisho wa milango ya Bagamoyo na ile ya Saadani, Pangani na Unguja kwa kigezo cha mkono, ili kuona kama karakana zilihudumia mji mmoja au mafundi walihama kufuata maagizo, kama walivyohama wale wa Cremona, Genoa na Roma.